Nyumba ina jasho la wake wawili: naandikaje wosia?

Mwalimu Mstaafu, Uyole

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mnisome kwa uvumilivu, jambo lenyewe ni refu na limeninyima usingizi tangu nitoke hospitali.

Nina miaka 64. Nimefundisha shule za msingi miaka 35, zaidi huko kwetu Rungwe, na ile ya mwisho hapa Mbeya mjini. Nina kisukari, na mwaka huu nililazwa wiki tatu. Siku ya kuruhusiwa tulipanda bajaji na mke wangu, njiani akaniuliza: "Mwalimu, hivi karatasi za nyumba huwa unaweka wapi?" Hakuuliza kwa ubaya. Lakini nilinyamaza hadi tukafika, maana nilitambua kwamba katika nyumba nzima ninayejua ni mimi tu. Zilikuwa kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro la chumba cha wageni, pamoja na risiti za mabati za mwaka 2013. Ningefia wodini, wangelitupa lile godoro na bahasha yake.

Kaka yangu mkubwa alifariki bila kuandika hata mstari mmoja. Nilikaa vikao vinne vya ukoo juu ya mali yake. Watoto wake hadi leo wakikutana msibani hawapeani mkono, na shamba lake la chai halina mchumaji wala mpogoaji; michai imerefuka imekuwa miti kabisa, ukipita chini yake hukioni kichwa cha mtu. Kila nikienda kijijini napita pale. Ndiyo sababu naandika.

Mali yangu si nyingi. Nyumba ya vyumba vinne hapa Uyole. Shamba la chai na migomba kijijini, ekari moja na nusu, nililoachiwa na marehemu baba. Ekari nne za misindano Mufindi niliyopanda mwaka 2016 kwenye ardhi ya mwalimu mwenzangu: yeye alitoa ardhi, mimi nikanunua miche na kulipa vibarua, tukakubaliana tutagawana nusu kwa nusu siku ya kuvuna. Hatukuandikiana. Ng'ombe wa maziwa mmoja nyumbani, na mwingine nimemkopesha jirani kwa masharti ya kunirudishia mtamba wa kwanza. Hisa za SACCOS, na deni la SACCOS hiyohiyo. Pensheni.

Familia: mke wangu wa kwanza alifariki mwaka 2009, akaniachia watoto watatu, sasa ni watu wazima. Mwaka 2012 nilifunga ndoa kanisani na mama niliye naye, tuna mtoto wa kiume wa miaka 11.

Nimeshaandika kwenye kaunta buku hivi: "Nyumba ni ya mke wangu. Shamba ni la watoto wa kwanza. Miti wagawane wote. Kijana wangu wa Tunduma asipewe kitu." Huyo wa Tunduma ni wa pili kuzaliwa. Wiki tatu nilizolala hospitali hakukanyaga. Dada zake walikuja, majirani walikuja, hata wanafunzi niliowafundisha miaka ya tisini walikuja na uji kwenye chupa.

Je, hayo maneno yanatosha? Nini kingine lazima kiwemo?

Binti wa Tukuyu

Shikamoo baba. Pole sana kwa kuugua.

Mimi nina jambo moja tu. Kama una neno kuhusu mazishi yako, usiliweke kwenye wosia peke yake. Baba yetu aliandika vizuri kabisa kwamba azikwe kijijini pembeni ya mama yake. Karatasi ilikuwa kabatini kwa mzee wa kanisa, na ilifunguliwa baada ya tanga kuondolewa. Tulikuwa tumeshamzika mjini siku nne zilizopita. Mama alilia upya kama ndiyo kwanza habari imefika. Waambie kwa mdomo, na uandike kikaratasi cha pembeni kitakachosomwa siku hiyohiyo.

Mama wa Kilolo

Kamwene mwalimu. Nilikaa mzee wa baraza mahakama ya mwanzo miaka tisa, kwa hiyo mirathi nimezisikiliza nyingi kuliko harusi nilizohudhuria. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu umeandika kwa moyo.

Mistari yako minne haitoshi, na mstari wa kwanza ndio wenye hatari kuliko yote. "Nyumba ni ya mke wangu." Mwalimu, mke yupi? Risiti zako za mabati ni za 2013. Mama wa wakubwa amefariki 2009. Msingi ulichimbwa lini? Kuta zilifika kwenye lenta lini? Kama ulianza kujenga akiwa hai, naye alikuwa akipika, akilima, akilea watoto wewe ukiwa darasani, basi ndani ya kuta zile kuna jasho lake. Mahakama ya Rufani ilishasema tangu mwaka 1983, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Shauri lile lilikuwa la talaka, lakini fundisho lake linakuhusu: chenye jasho la wawili si cha mmoja.

Sasa niulize: mirathi ya yule mama ilifunguliwa? Nina hakika haikufunguliwa. Huku kwetu mume akifa kesho yake kuna kikao cha ukoo, mke akifa tunazika tunaendelea, kama vile hakuwa na chake. Watoto wake watatu wanaweza kusimama mbele ya hakimu na kusema, baba amegawa na cha mama yetu. Na watakuwa na hoja. Upande wa pili, mama uliye naye kama alichangia kupaua na kumalizia, naye sehemu yake si yako ya kugawa, hata kama hati ina jina lako peke yako. Ukiandika "nampa mke wangu nyumba" unampa kitu ambacho kwa sehemu ni chake tayari na kwa sehemu ni cha watoto wa mwenzake. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, na yule mama mjane ndiye atakayeitwa mwizi.

Kwa hiyo kabla ya kugawa, kaa nao uandike historia ya nyumba. Mwaka gani kilifanyika nini, fedha zilitoka wapi. Mkubaliane sehemu ya marehemu mama yao inakwenda vipi, mtie sahihi muhtasari wa kikao, na ikiwezekana mirathi yake ifunguliwe hata sasa. Ndipo wosia wako useme: "katika nyumba hii sehemu yangu mimi ni kiasi hiki, na hiyo sehemu yangu naitoa hivi." Nimeona wosia wa kurasa sita umepigwa mihuri mizuri ukaanguka, kwa sababu mwandishi aligawa vya wengine.

La pili, kijana wa Tunduma. Uchungu wako nauelewa, nimezaa. Lakini kumnyima mtoto si jambo la mstari mmoja. Sheria za wosia za kimila zilizo kwenye Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963 zinataka useme wazi kwamba unamnyima na useme kwa nini, na sababu zenyewe ni nzito: amezini na mke wako, amejaribu kukuua au amekushambulia wewe au mama yake, amekutelekeza kwenye njaa au ugonjwa pasipo sababu ya maana. Na mhusika apewe nafasi ya kujieleza mbele yako au mbele ya ukoo. Wewe unasema hakuja hospitali. Umemuuliza kwa nini? Kama hujamuuliza, hakimu atauliza, na wewe utakuwa kaburini usiweze kujibu.

Shamba la kijijini: taja kijiji, kitongoji, ukubwa, na linapakana na nani kila upande. "Shamba langu la chai" halimsaidii mtu ambaye hajawahi kuonyeshwa mpaka. Kama mna hati ya hakimiliki ya kimila andika namba yake. Na wale mabinti wawili usikubali mtu akuambie ardhi ya ukoo haiendi kwa mtoto wa kike. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, imeshafuta mila yoyote inayomzuia mwanamke, mtoto au mlemavu kumiliki au kutumia ardhi.

Miti: bila maandishi na huyo mwalimu mwenzako, ulichonacho ni maneno ya watu wawili, na mmoja akifa yanabaki ya mmoja. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji mkiwa wazima wote wawili, na mashahidi, mwandikiane. Hilo ni la wiki hii. Halisubiri wosia.

Mtoto wa miaka 11: mtaje kwa jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, utaje na nani atamshikia mali yake mpaka afike miaka 18. Mama yake ni mlezi, sawa, lakini weka na wa pili, maana ajali za barabara yetu ya Kitonga mnazijua.

Pensheni na mafao usiyagawe kwenye wosia. Mfuko una sheria yake na wategemezi wake. Kazi yako ni kuhakikisha kumbukumbu za mfuko zina jina la mke uliye naye na mtoto mdogo, maana wengi mliandikisha ndugu mkiwa vijana mkasahau.

Sasa namna ya kuuandika. Wino, si penseli. Tarehe. Sahihi yako kila ukurasa. Kwa kimila, anayejua kusoma na kuandika huhitaji mashahidi wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma na kuandika huhitaji wanne. Wasiwe wanaorithi. Mke wako awepo aone na asikie, ila usimhesabu katika hao wawili. Andika pia kwamba uko na akili timamu, hujalazimishwa, na kwamba huu unafuta wosia wote uliotangulia, pamoja na ile kaunta buku yako. Na useme unaishi kwa utaratibu gani. Wewe ulifunga ndoa kanisani lakini una shamba la ukoo. Siku ya shauri mahakama itaangalia marehemu aliishi vipi na alikusudia nini, ili ijue itumie sheria ipi. Hata mahali pa kufungua hutegemea hapo, maana mahakama ya mwanzo hushughulikia mirathi za kimila na za Kiislamu. Nyingine huanzia wilayani au Mahakama Kuu. Usiwaachie wakubishanie maisha yako.

Msimamizi mchague anayeweza kusema hapana, na umwombe kwanza. Nimeona mtu anasikia jina lake siku wosia unasomwa, anasimama anakataa mbele ya wafiwa.

Fundi wa Makambako

Mwalimu shikamoo. Mama wa Kilolo kamaliza mengi, mimi naongeza madeni.

Mzee wetu alikuwa mnunuzi wa viazi. Alipofariki walikuja watu kumi na mmoja wanamdai, kila mmoja na maelezo yake, na sisi hatukuwa na daftari. Wengine tuliwalipa kwa aibu tu kwa vile walikuwa wanalia. Waliokuwa wanadaiwa na yeye hakuja hata mmoja. Baadaye tulikuta daftari kwenye gari bovu, limeloa, majina ya juu yote yamefutika. Sheria inasema gharama za mazishi na madeni vinatangulia ndipo warithi wagawane, kwa hiyo deni la SACCOS na yule ng'ombe wa jirani viandike vizuri: kiasi, tarehe, nani shahidi.

Halafu laini za simu. Andika namba zote zenye fedha na benki zote. Namba ya siri usiandike. Sisi hela za mzee zilikuwa kwenye laini ambayo hakuna aliyeijua, tuliigundua kwa sababu ujumbe wa riba uliingia.

Ummu wa Mafinga

Assalaam alaykum. Kwa wasomaji wenzangu Waislamu watakaopita hapa: haya ya kugawa nyumba na shamba kwa wosia si yetu yote. Wasia wetu hauzidi theluthi moja ya mali, tena hauendi kwa mrithi ambaye fungu lake limeshatajwa, isipokuwa warithi wenzake wameridhia. Theluthi ile ni ya kumkumbuka yatima uliyemlea, msikiti, jirani. Lakini kuandika madeni, amana za watu na mipaka kunatuhusu sawasawa.

Mwalimu, Mungu akupe afya.

Mwalimu Mstaafu, Uyole

Nimerudi baada ya wiki tano. Ndaga fijo kwenu wote.

Mama wa Kilolo, swali lako la "mke yupi" nililisoma usiku nikazima simu. Msingi tulichimba 2005. Marehemu ndiye aliyekuwa anabeba maji ya kumwagilia tofali, binti wa mwisho ameshazaliwa, yuko mgongoni. Mwaka 2008 tulifika kwenye lenta, mwaka uliofuata akafariki. Nyumba ilisimama bila paa miaka minne, kuta zikaota majani. Mama niliye naye ndiye aliyetoa fedha yake ya VICOBA tukapaua. Yote haya nayajua na kwenye kaunta buku niliandika mistari minne.

Tumekaa kikao Jumamosi mbili. Tumeandika historia ya nyumba kurasa tatu. Binti mkubwa ndiye aliyekuwa katibu, na alipofika mahali pa mama yake akaomba mwenzake ashike kalamu. Tumekubaliana vyumba viwili vya mbele vyenye mlango wake viwe kwa watoto watatu kama haki ya mama yao, na mirathi yake tunaifungua mwezi ujao. Vinavyobaki ni vya mama na mdogo wao. Mke wangu hakubisha. Alisema yeye mwenyewe amekuwa akilala kwa hofu ndani ya nyumba ile, kwamba siku nikiondoka ataambiwa alikuta kimejengwa.

Kijana wa Tunduma amekuja. Nilimpigia mimi, sikutuma mtu. Nilimuuliza mbele ya baba yake mdogo. Akasema alikuja hospitali siku ya pili, akafika hadi kwenye lango, akarudi. Kwenye kundi la familia dada zake walikuwa wamepanga kila mtu atoe laki moja na nusu, yeye biashara ya mpakani ilikuwa imekufa, hakuwa na hata nauli ya kurudi. Akaona akiingia mikono mitupu atasemwa mbele yangu. Nilimwambia mgonjwa hatazami mikono. Hasira sijamaliza, sitawadanganya, lakini ule mstari nimeufuta. Shamba nimewaandikia wote watatu, dada yake mkubwa akiwa msimamizi.

Mipaka nimeitembea na mabinti wote wawili na majirani wa pande zote. Upande wa mto jirani alikuwa ameshaingia hatua kumi na mbili. Hakukataa, akasema alidhani nimeshaliacha. Tumepanda alama upya. Mufindi nako nimekwenda, tumeandikiana mbele ya mtendaji, na mwenzangu alifurahi kuliko mimi kwa sababu naye alikuwa na hofu hiyohiyo kuhusu watoto wangu.

Wosia tunatia sahihi Alhamisi. Mashahidi ni mdogo wangu, ambaye harithi kitu, na jirani mstaafu wa TAZARA. Nakala moja ninaipeleka RITA, ule wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanihifadhie, na wote nyumbani wameambiwa iko huko.

Nina swali moja limebaki. Kaburi la mama wa wakubwa liko kijijini, katikati ya migomba. Mke wangu ameniomba niandike kwamba yeye ndiye atakayelitunza, kwa sababu watoto wako mbali na ndiye anayelipalilia kila Desemba. Nalo nafikiri ni jema. Liwekwe kwenye wosia au kwenye ile karatasi ya mazishi?

Mama wa Kilolo

Kwenye wosia, mwalimu, ndani ya aya ya shamba. Karatasi ya mazishi husomwa siku moja ikaisha. Shamba litakuwa la watoto watatu, na mmoja akija kuuza sehemu yake, mnunuzi atazungushia seng'enge. Kwa hiyo andika ukubwa wa eneo la kaburi kwa hatua, liko umbali gani kutoka mgomba au mpaka usiohama, kwamba halimo katika mgao wala haliuzwi, na kwamba mama wa nyumbani kwako ana ruhusa ya kupita kutoka barabarani hadi pale siku yoyote. Hiyo njia nayo ipime kwa hatua kabla ya Alhamisi.